Kufyeka Vichaka na Kuandaa Shamba la Malisho ya Wanyamapori

Kichaka kilichofyekwa mara moja hakijafa. Mimea mingi ya vichakani huweka akiba ya chakula mizizini, na ukikata shina moja leo, shingo ya mzizi (pale shina linapokutana na mzizi) itatoa manne au matano ndani ya wiki chache. Ndiyo maana mashamba mengi ya malisho ya wanyamapori huonekana safi mwezi wa kwanza, kisha mwaka wa pili yanakuwa na kichaka kizito kuliko kile kilichoondolewa. Kufyeka kwenyewe ni sehemu nyepesi. Kazi hasa iko chini ya ardhi: kuumaliza mzizi bila kuupoteza udongo wa juu.

Maelezo haya ni ya eneo la kati ya robo hekta na hekta moja, litakalopandwa kunde, fiwi, klova (mmea mfupi wa malisho wa jamii ya kunde), mtama, uwele au nafaka nyingine kwa ajili ya paa, swala, kulungu, sungura, kware na ndege wengine wanaookota chakula ardhini. Anza miezi 4 hadi 6 kabla ya msimu wa kupanda. Ukianza wiki 3 kabla, utapanda juu ya visiki vilivyo hai.

Kuchagua mahali

Angalia jua kabla ya kuangalia udongo, kwa sababu udongo unarekebishika. Nafaka na kunde zinataka jua la moja kwa moja kwa saa 6 au zaidi kila siku. Klova huvumilia hata saa 4. Pita mahali hapo asubuhi, mchana na jioni uone kivuli cha miti ya pembeni kinaishia wapi. Uwanja mwembamba uliozungukwa na miti mirefu unaweza kukosa jua nusu ya siku hata ukiwa umesafishwa vizuri.

Epuka mteremko unaoshuka zaidi ya mita 1 kwa kila mita 10 za urefu. Kichaka ndicho kinachoshika udongo wa mteremko, na mvua kubwa ya kwanza baada ya kufyeka huubeba. Epuka pia mabonde yenye maji yaliyotuama, na kando ya mto au kijito acha ukanda wa mita 15 hadi 30 bila kuugusa.

Tazama majirani. Mnyama aliyevutwa na kunde zako atapita pia kwenye kunde za jirani, na njia yake ikikatiza barabara, magari yatamgonga. Kama eneo lina tembo, nyani au nguruwe pori, fikiri mara mbili kabla ya kuweka malisho karibu na mashamba ya watu.

Ukubwa unategemea idadi ya wanyama. Kunde au fiwi kwenye eneo chini ya hekta 0.2 zinaweza kuliwa hadi ardhini zikiwa na majani mawili tu, hazipati nafasi ya kukua. Kwa eneo dogo namna hiyo panda klova au nafaka, ambazo huchipua tena baada ya kuliwa. Umbo nalo lina maana: shamba refu la upana wa mita 20 hadi 40, lenye kingo zilizopindapinda, hutumika zaidi kuliko mraba wenye eneo lilelile, kwa kuwa mnyama hapendi kwenda mbali na maficho yake. Katikati ya uwanja mpana huliwa usiku tu, au kusiliwe kabisa.

Sheria za kufyeka, kuchoma moto, kukata miti ya asili na kulisha wanyamapori hutofautiana sana. Pata vibali kwa maandishi kutoka kwa mamlaka ya misitu na ya wanyamapori kabla ya kukodi mashine.

Sampuli ya udongo na alama

Chukua sampuli ya udongo sasa, siyo baada ya kulima. Chota sehemu 15 hivi kwa mwendo wa kwenda na kurudi, kina cha sm 15, changanya ndani ya ndoo ya plastiki (ndoo ya bati lenye zinki huchafua majibu), anika kivulini, kisha peleka nusu kilo maabara. Udongo uliokaa chini ya vichaka kwa miaka mingi mara nyingi huwa na tindikali. Klova na mimea ya jamii ya kunde hustawi kwenye pH (kipimo cha tindikali; namba ikishuka, tindikali imezidi) ya 6.0 hadi 7.0, ikiwa 5.2, mbolea utakayoweka haitatumika ipasavyo. Chokaa ya kilimo huchukua miezi 3 hadi 6 kufanya kazi, na lazima ichanganywe na udongo. Hii ndiyo sababu nyingine ya kuanza mapema.

Kisha funga vitambaa au paka rangi. Tumia rangi mbili tu: moja ya mpaka, nyingine ya miti ya kuacha. Acha miti ya matunda ya porini inayozaa, mti wenye mashimo ambayo ndege na wanyama wadogo hulala, na mti mkavu uliosimama kama hauwezi kumwangukia mtu. Mti wa matunda uliosongwa na vichaka hufaidika kwa kuondolewa vilivyo chini ya matawi yake na upande mmoja au miwili, upate mwanga. Mara nyingi uzao wake huongezeka misimu inayofuata bila gharama nyingine. Tukilazimika kuchagua, tungeanza na miti hiyo kabla hata ya kupanda mbegu moja.

Kabla ya mashine kuingia, pita eneo lote kwa miguu, hatua kwa hatua, ukiwa na fimbo. Unatafuta waya wa uzio wa zamani, mashimo, mawe yaliyofunikwa na nyasi, mizinga ya nyuki, viota vya nyigu na nyoka. Waya uliosahaulika ukinaswa na kisu cha mashine ya kufyekea, huruka kama mjeledi. Kama ni msimu wa ndege wa ardhini kutaga, ahirisha kazi mpaka makinda yatoke.

Wakati wa kufyeka

Mmea hutumia akiba ya mizizi kutoa majani mapya. Akiba hiyo huwa chini kabisa pale majani yote yanapokuwa yamekunjuka na mmea unaanza kutoa maua. Ukikata wakati huo, mzizi unalazimika kuanza upya ukiwa umechoka. Ukikata wakati wa kiangazi au wa baridi, mmea ukiwa umelala, mzizi umejaa akiba na utachipua kwa nguvu zote msimu ukifunguka.

Kuna mvutano hapa. Kiangazi ni rahisi kuingia vichakani, ardhi ni ngumu kubeba mashine na nyoka wanaonekana. Wengi hufyeka wakati huo, na si kosa, mradi wajue kwamba wamefungua njia tu. Kata ya kuua ni ile ya pili, machipukizi yakifika urefu wa sm 30 hadi goti, na ya tatu baada ya hapo. Usisubiri yafike kiunoni; yakifika huko yameshaanza kurudisha akiba mizizini.

Zana kwa unene wa shina

Nyasi ndefu na vijiti vyembamba kuliko kidole gumba hukatwa kwa fyekeo, panga au trekta lenye kifyekeo cha nyuma. Kwa mashina hadi unene wa sm 5, mashine ya kufyekea ya kubeba begani yenye kisu cha meno ya msumeno ndiyo nafuu zaidi. Uzi wa nailoni ni wa nyasi. Ukiutumia kwenye miti utamaliza roli nzima bila kufika popote. Kuanzia sm 5 tumia msumeno wa mnyororo au wa mkono.

Injini ndogo za mashine hizi nyingi zinataka petroli iliyochanganywa na oili ya injini za mipigo miwili kwa uwiano wa 50:1, yaani ml 20 za oili kwa kila lita. Mashine za zamani huweza kutaka 25:1, kwa hiyo soma kifuniko cha tangi. Oili kidogo huua injini ndani ya saa. Oili nyingi huziba bomba la moshi.

Kisu cha mashine ya kufyekea huzunguka kuelekea kushoto ukitazama kutoka juu, hivyo fagia kutoka kulia kwenda kushoto. Usiguse shina kwa robo ya mbele upande wa kulia wa kisu: hapo ndipo mashine hurushwa pembeni ghafla. Shina nene likate kwa upande wa kushoto. Watu wengine wakae mita 15 mbali, na anayetaka kukuambia jambo asije kwa nyuma akakugusa bega, asubiri uzime.

Msumeno wa mnyororo unahitaji helmeti yenye kinga ya uso, viziba masikio, glavu, buti ngumu na suruali maalumu ya kukinga miguu. Usikate juu ya usawa wa bega, na usitumie ncha ya juu ya msumeno. Hatari ambayo haitazamwi sana vichakani ni mti mwembamba uliopinda na kubanwa na mti mwingine ulioanguka. Una nguvu kama upinde uliovutwa. Ukiukata mara moja unaruka na kuvunja taya. Simama ndani ya mpindo, siyo mbele yake, na ukwanguekwangue kidogokidogo upande wa ndani wa mpindo mpaka nguvu iishe.

Mpangilio wa kazi

Fyeka nyasi na vijiti kwanza, eneo zima, ukate kwa usawa wa goti. Lengo ni kuona ardhi. Siku hiyohiyo au inayofuata rudi kwa mashina mazito. Kwenye mteremko anza chini ukipanda, ili ulichokata kisikufunike. Vuta matawi nje kadiri unavyokata. Ukiacha yarundikane, utakuja kukata rundo la matawi yaliyofungamana, kazi inayochukua muda mara tatu.

Amua hatima ya kila kisiki kabla ya kukata. Kama utakiua kwa dawa au kwa kukikata mara kwa mara, kata chini kabisa, sm 2 hadi 5 kutoka ardhini, na kata iwe bapa. Kama utaking'oa, acha shina la mita 1 lisimame: hilo ndilo mpini wako wa kukitikisa. Watu hukata kila kitu usawa wa ardhi, kisha wanashinda kutwa wakichimba kisiki kisicho na pa kushika.

Kata ya mshazari ya panga ndiyo adui wa kimya wa shamba hili. Inaacha kijiti chenye ncha kali, urefu wa kiganja, kilichofichwa na majani. Hicho hutoboa tairi la trekta, soli ya kiatu na ukwato wa mnyama. Kama panga ndiyo zana pekee, pita tena na msumeno wa mkono au koleo la kukatia matawi, usawazishe kila ncha.

Kumaliza mizizi

Njia ni tatu, na shamba moja linaweza kuhitaji zote.

Kuchimba. Inafaa kwa mimea michache na kwa yenye shingo nene. Subiri siku 1 au 2 baada ya mvua, udongo ukiwa na unyevu lakini haushiki sururu. Vichaka vichanga vyenye shina la unene wa penseli hung'oka kwa mkono. Kwa vikubwa, chimba kuzunguka, kata mizizi ya pembeni kwa shoka, kisha kata mzizi mkuu sm 15 hadi 20 chini ya ardhi. Kina hicho kina sababu: vichaka vingi huchipua kutoka kwenye vichipukizi vilivyolala shingoni, na mzizi usio na shingo hauchipui. Prosopis ni mfano mzuri. Ukiikata usawa wa ardhi unaipogoa tu. Kuna mimea mingine, hata hivyo, ambayo kila kipande cha mzizi hutoa mche. Ukiona machipukizi yanatokea mita 2 mbali na kisiki, acha kuchimba, kwani unaisambaza.

Ukivuta visiki kwa trekta, funga cheni kwenye mkia wa kuvutia ulio chini ya usawa wa ekseli ya nyuma, si mahali pengine popote. Ukifunga juu ya ekseli na kisiki kikagoma, magurudumu ya mbele huinuka na trekta humlalia dereva chali, haraka kuliko anavyoweza kukanyaga klachi. Vuta polepole bila kushtua cheni, na watu wote wakae mbali zaidi ya urefu wa cheni yenyewe.

Kuchosha. Ni ya bei nafuu na haina sumu, ila inataka uvumilivu. Fyeka mara 3 kwa msimu, kila machipukizi yakifika sm 30. Vichaka vingi hudhoofika sana mwaka wa kwanza, lakini kuisha kabisa huweza kuchukua miaka kadhaa. Mbuzi husaidia wakipitishwa mara tu majani mapya yanapotoka, kisha kuondolewa, lakini usiwapitishe kwenye Lantana: majani yake huharibu ini la mifugo na kufanya ngozi iungue kwa jua. Wasikaribie pia pale ulipopulizia dawa.

Dawa ya kisiki. Kwa miti migumu, hii ndiyo njia ya kiasi kidogo cha dawa na matokeo makubwa, nasi tunaipendelea kuliko kupulizia majani. Kata bapa, pangusa vumbi la mbao, kisha paka kwa brashi glifoseti (dawa ya kuua mimea inayoshuka hadi mizizini), sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 1 hadi 3 za maji kama lebo inavyoruhusu. Paka ndani ya dakika 5 hadi 15 tangu kukata. Kisiki kikikauka, hakinywi tena. Kwa hiyo watu wawili huenda pamoja, mmoja akikata, mwingine akifuata na brashi. Tia rangi kidogo kwenye dawa ujue kisiki kipi kimepakwa. Kwa kisiki kidogo paka uso wote; kwa kikubwa paka duara la nje tu, sm 3 hadi 5 kutoka kwenye gome, maana katikati pamekufa zamani na dawa itapotea bure. Wakati utomvu unapanda kwa nguvu na kutoka kwenye kata, dawa husukumwa nje, basi ngoja.

Kupulizia kunafaa kwa machipukizi mengi ya sm 30 hadi 60, yenye majani mapana na mabichi. Kwa glifoseti ya kawaida ya asilimia 41, ml 150 hadi 300 kwa bomba la mgongoni la lita 15 ni kiwango kinachotumika sana, ila lebo ndiyo yenye neno la mwisho. Maji yawe safi. Maji ya dimbwi yenye tope hufanya dawa ishikwe na chembe za udongo kabla haijafika kwenye jani, na majani yenye vumbi hufanya vivyo hivyo; mtu analaumu duka la dawa kumbe kosa ni la ndoo. Pulizia asubuhi umande ukishakauka, upepo ukiwa mdogo, na pasiwe na dalili ya mvua kwa saa 6. Kisha usiguse chochote kwa siku 7 hadi 14. Majani yakianza kuwa ya njano siku ya 5 usifurahi ukafyeka: dawa bado iko njiani kwenda mizizini.

Usitumie dawa zinazokaa udongoni kama pikloramu na imazapiri. Ni nzuri kwa kando za reli, lakini hapa zitaua kunde na klova utakazopanda msimu ujao, na pengine ule unaofuata. Triklopiri huua mimea ya majani mapana na kuacha nyasi. Ukiitumia, heshimu muda wa kusubiri uliopo kwenye lebo kabla ya kupanda kunde.

Mashine kubwa na udongo wa juu

Kwa hekta moja ya vichaka vizito, buldoza au ekskaveta humaliza kwa siku kazi ya wiki kadhaa, na linaweza pia kuliharibu shamba kwa siku hiyohiyo. Rutuba iko kwenye sm 15 hadi 20 za juu. Dereva aliyezoea kujenga barabara atashusha blade (bamba la chuma la mbele) ardhini na kukusanya kila kitu kwenye lundo moja zuri, rutuba ikiwemo. Utabaki na udongo mwekundu au mfinyanzi usiootesha kitu, na vichaka vitastawi vizuri kweli, juu ya lundo.

Mwambie atumie reki ya mizizi, yenye meno yanayopitisha udongo, siyo blade bapa. Kama hana reki, blade isimame sm 5 hadi 10 juu ya ardhi, avunje na kusukuma mimea bila kukwangua. Visiki vikishang'olewa vikung'utwe udongo kabla ya kusukumwa pembeni. Kwenye mteremko malundo yalazwe kufuata kontua (mstari wa usawa unaokatiza mteremko) ili yakinge maji, na yaachwe pengo kila mita 30 hadi 50 wanyama wapite.

Ardhi ikiwa mbichi, simamisha kazi. Chukua udongo wa kina cha sm 10, uviringishe kiganjani: ukijifinyanga kuwa kamba, mashine itaushindilia. Udongo ulioshindiliwa hukataa mizizi na maji kwa miaka, na haro (zana ya kuvunja mabonge na kusawazisha udongo) ya kawaida haifiki chini kiasi cha kuuvunja.

Matawi, moto na mabaki

Usichome kila kitu. Malundo mawili au matatu kando ya shamba ni maficho ya sungura, kware na reptilia. Weka magogo mazito chini, yakipishana, na nafasi ya sm 15 hadi 20 kati yake, kisha matawi juu, upana wa mita 3 hadi 5 na kimo cha mita 1.5. Lundo la vijiti vyembamba pekee hulala chini likawa mkeka, halifai kitu. Liwe ukingoni, mita chache kutoka kwenye maficho mengine, siyo katikati ya shamba.

Mengine yakichomwa, yachomwe kwa malundo madogo, siku isiyo na upepo mkali, kukiwa na kibali, maji na watu wenye koleo. Barabara ya moto ikwanguliwe mpaka udongo mtupu, upana usiopungua mita 3, na zaidi pale nyasi kavu zilipo ndefu. Lundo lisikae chini ya matawi ya miti uliyoiacha. Siku inayofuata weka mgongo wa mkono karibu na majivu: visiki na mizizi huweza kuwaka chini kwa chini kwa siku nyingi kisha kutokeza moto mbali. Mimea yenye utomvu wa sumu, kama ya jamii ya Euphorbia, isichomwe, kwa kuwa moshi wake huumiza macho na mapafu. Tandaza majivu eneo zima. Yakiachwa palepale, pH ya doa hilo hupanda kupita kiasi na hapaoti kitu msimu wa kwanza.

Ukisaga matawi, vumbi na vipande vyake vibaki juu ya ardhi au vipelekwe pembeni. Ukivilima ndani ya udongo, vijidudu vinavyoviozesha huchukua naitrojeni yote iliyopo, na mtama wako utatoka na majani ya njano hata kama uliweka mbolea.

Kutoka uwanja mtupu hadi mbegu

Mwaga chokaa kama maabara ilivyoshauri. Tani 2 hadi 4 kwa hekta si jambo la ajabu kwenye udongo wa kichaka. Lima kina cha sm 10 hadi 15, okota mizizi inayojitokeza, pitisha haro. Kisha acha.

Kuacha huku ni hatua, siyo uvivu. Udongo uliokuwa gizani kwa miaka umejaa mbegu za magugu, na kuugeuza kumeziamsha. Baada ya mvua zitaota kwa pamoja ndani ya wiki 2 hadi 3. Ziue zikiwa na majani mawili hadi manne, kwa haro nyepesi ya sm 3 hadi 5 au kwa dawa isiyokaa udongoni. Ukiweza rudia mara moja zaidi. Ukilima tena kwa kina kabla ya kupanda, unapandisha kundi jipya la mbegu na kupoteza faida yote.

Panda kwenye udongo ulioshikamana kiasi. Kipimo ni unyayo wako: ukizama zaidi ya sm 1, viringisha gogo au rola kwanza. Klova ina mbegu ndogo mno, haitaki kufukiwa zaidi ya nusu sentimita. Mwaga juu, viringisha, basi. Kunde na fiwi ziende sm 2.5 hadi 4. Mbegu za jamii ya kunde zichanganywe na bakteria wa mizizi wa aina yake siku ya kupanda, kivulini, hasa mahali ambapo mmea huo haujawahi kulimwa.

Ukingoni acha ukanda wa mita 5 hadi 10 kati ya shamba na msitu, ambao haufyekwi wote: punguza miti mirefu, acha vichaka vya chini na nyasi. Mnyama husimama hapo kwanza kunusa kabla ya kutoka. Ukanda huo ufyekwe theluthi moja kila mwaka, kwa zamu, usirudi kuwa msitu na usikose maficho.

Miezi ya mwanzo pita kila baada ya wiki 3 ukiwa na jembe na chupa ya dawa ya kisiki. Machipukizi yaliyotawanyika huku na kule ni visiki vilivyokosa brashi. Vimalize kimoja kimoja. Yakiwa kwa mstari, umeacha mzizi mrefu wa pembeni. Magugu ya majani mapana yaliyotapakaa sawasawa ni akiba ya mbegu udongoni, na kufyeka kwa usawa wa sm 15 hadi 20, juu ya klova lakini chini ya maua ya magugu, huyazuia kuzaa.

Simika pia kizimba cha waya cha upana wa mita 1 na kimo cha mita 1.2 ndani ya shamba siku ya kupanda, kimefungwa kwa vigingi. Mimea ya ndani ikiwa mirefu na ya nje imekatwa, wanyama wanakula na unahitaji eneo zaidi au mmea unaochipua upesi. Ya ndani na ya nje zikidumaa pamoja, tatizo ni udongo, na majibu ya maabara ndiyo mahali pa kuanzia.